Maziwa hayaoshi mapafu, na dhana nyingine za viwandani ninazozisikia kila wiki Mwanza

Msimu wa pamba ukishafunguliwa, kuanzia Mei hivi, wagonjwa wa kifua huongezeka kwangu, na wengi wao wananiambia maneno yaleyale: "Daktari, lakini maziwa nakunywa."

Mimi ni daktari wa afya kazini. Wanaokuja kwangu ni watu wa viwanda na karakana za Nyakato, Igoma, Ilemela na wilaya za jirani: wachambua pamba, wasokota nyuzi, wakata minofu ya sangara, wachomeleaji, wapaka rangi, na akina mama wanaopasua kokoto kwenye vilima vya mawe. Dhana potofu nazisikia nyingi, na nyingine naweza kuzivumilia. Hii ya maziwa imenishinda, kwa sababu siku hizi imetoka vijiweni ikaingia ofisini. Kuna waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa kila siku na kuihesabu kuwa ndiyo kinga waliyoitoa. Na kuna kijana aliyekaa mbele yangu hivi karibuni, kifua kikimlia filimbi, akaniuliza kwa unyonge: "Sasa mimi mwili wangu una kasoro gani, mbona wenzangu maziwa yanawasaidia?" Alikuwa anajilaumu kwa vumbi ambalo hakulizalisha yeye. Nikaona niandike.

Dhana: "Ukifanya kazi kwenye vumbi kunywa maziwa, yanasafisha kifua"

Tuanze na njia zenyewe. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio kwenda tumboni. Hewa hupita kwenye bomba la hewa kwenda mapafuni. Njia hizi mbili huachana kooni, na mwili una kifuniko maalumu cha kuzuia zisiingiliane. Ukitaka kujua mapafu huyapokeaje maziwa, mtazame mtoto aliyepaliwa nayo: anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na yakimwingia mengi anapata nimonia. Maziwa yanayofika tumboni husagwa yakawa sukari, protini na mafuta, yakaingia kwenye damu kama unavyoingia ugali na dagaa. Hakuna sehemu ya maziwa inayotoka tumboni ikazunguka kwenda kukusanya vumbi.

Mapafu yana namna yake ya kujisafisha. Vumbi kubwa hunaswa puani. La kati hunata kwenye ute wa njia za hewa, na vijinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, husukuma ute huo kwenda juu mpaka unaukohoa au unaumeza. Lile laini kabisa, lenye upana chini ya mikroni 5 hivi (unywele wa kichwani una kama 70), hupita vizuizi vyote na kutua kwenye vifuko vya hewa. Huko chembe za ulinzi hulimeza. Likiwa vumbi la jiwe lenye madini ya silika, linaziua chembe hizo, pafu linabaki na kovu, na kovu la pafu halina dawa. Kwa hiyo vumbi la kuogopa zaidi ni lile usiloliona likielea, na hakuna kinywaji duniani kinachofika lilipotua.

Mbona basi watu wazima, wenye akili zao, wanaapa kwamba maziwa yanawasaidia? Hawadanganyi. Wanasimulia kitu walichokihisi kweli, ila wamekosea chanzo chake.

Kwanza, maziwa yana mafuta. Yanalainisha koo lililokauka, mkwaruzo unatulia. Koo limetulia, lakini mapafu hayajaguswa.

Sababu ya pili ndiyo kubwa, na natamani kila mfanyakazi wa pamba aielewe. Kwenye majani na vikonyo vya mpamba huishi bakteria, na maganda ya bakteria hao yana sumu ambayo hubaki kwenye vumbi hata pamba ikishavunwa na kukaushwa. Mtu akipumzika siku moja au mbili kisha akarudi kazini, mwili hulipokea vumbi lile kwa fujo: saa chache baada ya zamu kuanza kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, wengine wanapata homa ndogo na uchovu. Kwa hiyo Jumatatu ni mbaya. Jumanne ina nafuu. Jumatano mtu anajisikia mzima, ingawa vumbi ni lilelile na mashine ni zilezile. Huu ndio mwanzo wa ugonjwa unaoitwa bisinosisi, na kupungua huko katikati ya wiki ni tabia ya ugonjwa wenyewe katika hatua zake za mwanzo.

Sasa fikiria mfanyakazi anayekunywa maziwa kila siku kuanzia Jumatatu. Jumatano kifua kinafunguka. Atayasifu maziwa, na atamfundisha mgeni anayeanza kazi wiki ijayo, na huyo mgeni naye atajionea mwenyewe kwamba Jumatano kifua kimefunguka. Asiyekunywa maziwa naye hupata nafuu Jumatano, ila hakuna anayemuuliza. Kwenye viwanda vya kuchambua pamba, ambavyo hufanya kazi kwa msimu, mchezo huu hujitokeza hasa siku za kwanza za msimu, halafu watu wanasema mwili "umefunguka".

Tatizo ni kinachofuata. Miaka ikienda, Jumatatu inaungana na Jumanne. Baadaye kifua kinabana wiki nzima, kisha kinabana hata likizoni. Hapo njia za hewa zimeshaharibika na hazirudi zilivyokuwa. Anayevuta sigara huharibikiwa haraka zaidi. Mtu anafika kwangu akiwa hawezi kupanda mlima wa Bugando kwa miguu bila kusimama, na bado anasema maziwa hajawahi kuruka hata siku moja.

Wapo pia waliozungushwa. Wametibiwa pumu, wametibiwa kifua kikuu, makohozi yamepimwa mara kadhaa na hayaonyeshi vimelea, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani. Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, nawaomba jambo moja ambalo halina gharama: kila mtu mzima anayekohoa, mwulize kazi yake, kisha mwulize Jumatatu anajisikiaje ikilinganishwa na Alhamisi. Andika jibu kwenye faili. Na wewe mfanyakazi, tafuta daftari dogo uwe unaandika siku ambazo kifua kimebana na saa kilipoanza kubana. Ukiniletea daftari la mwezi mmoja, nimeshapata nusu ya uchunguzi. Nusu nyingine tutaipata kwa spirometa, kifaa cha kupima pumzi, ukipuliza kabla ya zamu ya kwanza ya wiki na kupuliza tena baada yake. Pumzi ikishuka ndani ya zamu, kazi imejitaja yenyewe.

Imani hii ya maziwa haikuzaliwa Usukumani, ingawa katika jamii ya wafugaji, ambako maziwa ni heshima ya nyumba, ilipata makao mazuri. Zamani katika nchi za viwanda waliofanya kazi za madini ya risasi, wapaka rangi na watengenezaji wa betri, walipewa maziwa. Urusi ya Kisovieti iliyaweka kwenye sheria: anayefanya kazi yenye madhara apewe maziwa, na sheria ya kazi ya Urusi ya leo bado ina kifungu hicho. Chembe ya ukweli iliyomo ni ndogo. Mtu aliyeshiba, mwenye madini ya chokaa na chuma ya kutosha mwilini, hufyonza risasi kidogo zaidi kupitia utumbo kuliko mwenye njaa. Hiyo ni risasi iliyomezwa, kwa mfano kwa kula andazi na mikono yenye rangi. Iliyovutwa kwa pumzi haipiti huko. Na fundi akimeza petroli wakati wa kuinyonya kwa mpira, msimpe maziwa wala msimtapishe: akitapika, petroli huingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari. Mleteni hospitali.

Kinacholinda mapafu kinajulikana, na kina mpangilio. Kwanza vumbi lizuiwe pale linapotokea: mashine zifunikwe, feni za kufyonza vumbi ziwekwe palepale pamba inapochambuliwa na kuchanwa, na mifuko ya kunasia vumbi isafishwe kabla haijaziba. Kisha usafi wa sakafu ufanywe kwa kufyonza. Kufagia pamba kavu kwa ufagio wa chelewa ni kulirudisha hewani vumbi lililokwisha kutua. Baya zaidi, na hili linaniudhi kila ninapoingia kiwandani, ni ile desturi ya kujipuliza overoli kwa bomba la kompresa mwisho wa zamu: dakika mbili za kompresa zinaweza kukujaza vumbi kuliko saa nzima ya kazi. Wafanyakazi wapokezane kwenye sehemu chafu. Barakoa inakuja mwisho, na iwe ile inayobana usoni na kuchuja vumbi laini, ibadilishwe inapochoka. Kitenge ulichojifunga puani kinazuia pamba unayoiona na kupitisha vumbi lile lingine.

Sina ugomvi na maziwa. Ni chakula kizuri, na mfanyakazi mwenye watoto nyumbani ayapeleke pakiti hizo kwa watoto. Ugomvi wangu ni pale yanapotolewa badala ya feni. Feni ina bei, umeme wake una bei, fundi wake analipwa. Pakiti ya maziwa ni rahisi, na inamfanya mpokeaji ashukuru. Lakini gharama ya vumbi haikufutwa, imehamishwa tu. Kijana aliyetoka Kwimba au Magu kuja mjini ndiye anayelipa ada za wadogo zake na kuwatumia wazazi hela ya mbolea. Kifua kikimshinda anarudi kijijini, ng'ombe wanauzwa kumtibu, mdogo wa kike anaachishwa shule amsaidie mama. Kwenye vitabu vya hesabu vya kiwanda hakuna mstari unaoonyesha ng'ombe hao. Ndiyo maana nasema ugonjwa wa kazini ni suala la uchumi wa familia na la siasa ya nchi kabla halijawa suala la dawa.

Dhana: "Masikio yameshazoea"

Hayazoei. Ukiingia kwenye chumba cha mitambo ya kufuma na wiki ya kwanza kelele zikakutesa, kisha mwezi wa sita huzisikii tena kwa ukali ule, zilizopungua ni chembe za sikio la ndani, na haziwezi kuota upya. Uharibifu huanzia kwenye sauti nyembamba, ndiyo maana mke anakulalamikia kwamba humsikii wakati wenzako wa kiume unawasikia. Kipimo cha kawaida cha hatari ni desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Bila kifaa, tumia hiki: kama inabidi upaze sauti ili aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, panahitaji vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida uliyosokota masikioni haitoshi.

Dhana: "Ganzi ya mikono ni baridi tu ya chumba cha minofu"

Wanaonijia na hili karibu wote ni wanawake. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyoenea kandokando ya ziwa kuanzia miaka ya 1990 viliwapa wanawake wengi mshahara wao wa kwanza wa mkononi, na jambo hilo limebadilisha nyumba nyingi: mwanamke anayelipa kodi ya chumba mwenyewe ana sauti ambayo mama yake hakuwa nayo. Kwa hiyo mikono ikianza kufa ganzi anaficha. Anasema ni baridi. Wengine wameambiwa wamerogwa na shoga aliyewaonea wivu.

Maswali yangu ni matatu. Ganzi inakuamsha usiku ukakung'uta mkono? Iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku kidole cha mwisho kikiwa salama? Vikombe vinakuponyoka? Akijibu ndiyo kwa yote, ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ya kukata kwa nguvu, mkato uleule, maelfu ya mara, mkono ukiwa umepinda na baridi. Baridi inachangia, ila peke yake isingefanya hivyo. Mjamzito hupata zaidi. Ukiwahi, kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala na kubadilishiwa kazi hutosha. Ukichelewa, misuli ya chini ya kidole gumba inakonda na upasuaji hauirudishi yote.

Kinga ya kwanza ninayoidai kwa wasimamizi ni kisu kikali. Kisu butu hudai nguvu mara nyingi zaidi kwa kila samaki. Awepo mtu wa kunoa visu zamu nzima, na wakataji wapokezane na wapangaji wa maboksi. Wanaosema konyagi au pilipili vinapasha mwili joto: pombe hutanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto lenyewe likikutoka. Na mlevi mwenye kisu simhitaji kwenye orodha yangu ya wagonjwa.

Dhana: "Kokoto ni kazi ya nje, upepo unaondoa vumbi"

Mawe ya Mwanza ni ya granaiti, na granaiti ina silika. Anayepasua amekaa chini, uso wake uko nusu mita kutoka kwenye nyundo, na mtoto yuko mgongoni. Upepo hauwahi. Lowesha jiwe kabla ya kulipiga, kaa upande upepo unakotokea, mtoto akae mbali. Silika pia hulegeza ulinzi wa mapafu dhidi ya kifua kikuu, kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili kwa mpasua kokoto au mchimba dhahabu aliyerudi kutoka Geita kipimwe bila kusubiri.

Dhana: "Wazungu nao walianza hivihivi, tukivibana viwanda vitaondoka"

Hii siisikii kwa wagonjwa. Naisikia kwa mameneja, kwa madiwani, na hata kwa wasomi wenzangu, na tangu kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda ishike kasi nimeisikia zaidi. Hoja yenyewe ni kwamba mateso ya wafanyakazi ni hatua ambayo kila nchi lazima ipitie, kisha utajiri ukija afya itafuata yenyewe.

Nusu ya kwanza ni kweli: waliteseka. Ripoti ya Mwingereza Edwin Chadwick ya 1842 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester, mji wa pamba, ulikuwa miaka 17, hesabu ikijumuisha vifo vingi vya watoto. Kwenye wilaya ya mashambani ya Rutland, familia za vibarua zilifikia wastani wa 38. Kiwanda kiliwaleta watu mjini kabla mji haujawa na maji safi, mitaro wala nyumba.

Nusu ya pili si kweli. Hakuna mahali afya ilipofuata yenyewe. Daktari James Kay aliueleza ugonjwa wa vifua vya wasokota pamba wa Lancashire, Uingereza, mwaka 1831. Wagonjwa wa bisinosisi Uingereza walianza kupata fidia mwaka 1941. Kati ya miaka hiyo nchi ile ilikuwa tajiri kuliko nyingi duniani, na pamba ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake kubwa za kuuza nje kwa muda mrefu. Utajiri ulikuwepo miaka 110, fidia haikuwepo. Pale palipobadilika, palibadilika kwa sababu watu walisukuma: vyama vya wafanyakazi, madaktari walioandika walichokiona, wabunge wachache, na baadaye kura za wanaume wa tabaka la kazi mijini walioipata haki hiyo mwaka 1867. Sheria ya viwanda ya 1833 ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 9 kwenye viwanda vingi vya nguo na kuweka wakaguzi, wanne tu kwa nchi nzima. Wenye viwanda walilia. Mchumi Nassau Senior aliandika mwaka 1837 kwamba faida yote hutoka kwenye saa ya mwisho ya kazi, ukiikata umeua kiwanda. Mwaka 1847 saa za wanawake na vijana kwenye viwanda vya nguo zikapunguzwa hadi 10 kwa siku. Viwanda havikufa, vikaendelea kukua.

Marekani walirudia kilio hichohicho mwaka 1978, serikali ilipoweka kiwango cha juu cha vumbi la pamba: mikrogramu 200 kwa mita moja ya ujazo kwenye utengenezaji wa nyuzi. Wenye viwanda walikwenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1981 wakashindwa. Wakanunua mashine mpya zenye vifyonza vumbi, na ugonjwa ukashuka sana ndani ya miaka michache. Mashine hizo mpya zilizalisha nyuzi kwa kasi kuliko za zamani.

Kama Lancashire na Marekani ni mbali, tutazame ziwani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya bakteria na kipindupindu, kisha kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na wavuvi haramu. Viwanda vya minofu vya nchi zote tatu viliathirika. Je, viliondoka? Vilijirekebisha. Sakafu, maji, maabara, mavazi meupe, mialo, vyote vilitafutiwa hela kwa sababu mnunuzi alisema hanunui. Nilijifunza hapo kwamba hela ya usafi hupatikana pale anayeidai ana nguvu. Minofu ilimpata mtetezi Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya. Mikono ya dada anayeikata na kifua cha kijana wa pamba vinahitaji mtetezi hapahapa: mkaguzi anayeingia bila kupiga simu kwanza, tawi la chama cha wafanyakazi lisiloishia kugawa fulana za Mei Mosi, na diwani anayeuliza kiwango cha vumbi kabla ya kukata utepe.

Sisi tuna nafuu ambayo Manchester haikuwa nayo. Ugonjwa umeshajulikana, kipimo chake kipo, feni zipo sokoni, na sheria tunayo. Anayeniambia tusubiri tuwe matajiri kwanza, namwuliza tusubiri nini hasa kigunduliwe.

Dhana: "Mimi ni deiwaka tu, sina fidia"

Hapa nitasema kama daktari anayejaza fomu hizi, mambo ya mahakamani yana wenyewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Unawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara wa sekta binafsi na za umma. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukikatwa shilingi yoyote kwenye ujira wako kwa jina la WCF, umeibiwa. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na kulipwa kwa siku au kwa kilo hakukuondoi kwenye kuwa mfanyakazi. Mfuko haulipi ajali peke yake: magonjwa yanayotokana na kazi yamo, pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, gharama za mazishi na pensheni ya wategemezi.

Kinachowaangusha watu ni ushahidi na muda. Deiwaka anaumia, msimamizi anamlipia bodaboda mpaka zahanati, anapewa elfu ishirini "ya soda", anarudi nyumbani. Miaka inapita, ukomo wa kudai umeshafika, aliyekuwa msimamizi amehama, na hakuna karatasi hata moja. Kwa hiyo fanya haya siku ileile. Mwarifu msimamizi mbele ya mwenzako, na mtumie pia ujumbe wa simu ili tarehe ibaki. Hospitalini, sema wazi kwamba umeumia au umeugulia kazini, taja kiwanda, na hakikisha mhudumu ameandika hivyo kwenye cheti, maana faili lisemalo "ameanguka" halitakusaidia. Tunza vitambulisho vya getini, miamala ya ujira kwenye simu, hata picha ulizopiga na wenzako ukiwa na overoli. Mwajiri akigoma kutoa taarifa, nenda mwenyewe ofisi ya WCF hapa Mwanza. Kwa mazingira ya hatari ambayo bado hayajamuumiza mtu, wanaohusika ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa mjini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda akiwa kazini.

Dai kipimo hicho cha mwanzo, na omba nakala ya majibu. Mara nyingi ninachokikosa ili kuthibitisha kwamba kiwanda ndicho kilichoharibu mapafu ya mtu ni karatasi inayoonyesha mapafu hayo yalikuwaje siku alipoingia getini. Wanaoanza msimu huu, pulizeni spirometa kabla hamjashika pamba.